Kengele, kalenda au sauti ya mwanao: kikumbusho kipi cha simu kinamfaa mzee anayesahau?

Saa mbili usiku simu ya mama ililia. Aliichukua, akaitazama, akagusa mahali pa kuizima, akairudisha mezani. Nilinyamaza makusudi nione atafanya nini. Hakufanya lolote. Baadaye nikamuuliza ile simu ilikuwa ikilia nini, akaniambia, “Kuna mtu alinipigia, mwanangu, akakata.” Dawa yake ya presha ilikuwa pale pale mezani, karibu na mkono wake.

Kengele ile niliiweka mimi, na wiki nzima nilikuwa nimetulia nikijua kazi imekwisha. Kumbe simu ilikuwa inalia kwa wakati na mama alikuwa anaisikia vizuri, ila kati ya mlio na kidonge palikuwa na pengo nisiloliona. Tangu hapo nimejaribu na kulinganisha njia nyingi za kumkumbusha mtu kwa simujanja, kwa mama na kwa wazee wengine wa ukoo wetu. Watu huniuliza programu ipi ni bora. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: kumbukumbu ya mzee wako inakatikia wapi?

Inakatikia wapi

Kuna mzee anayesahau wakati tu. Ukimwambia asubuhi kwamba leo ana miadi ya kliniki, anakujibu “ehe, nakumbuka,” na kweli anakumbuka. Lakini saa ikifika yuko bustanini. Wataalamu wa saikolojia hutenganisha kukumbuka kwa tukio na kukumbuka kwa saa. Kumeza dawa baada ya chai ni kukumbuka kwa tukio, maana chai yenyewe inakugutusha. Kumpigia daktari saa nane mchana ni kukumbuka kwa saa: hakuna kitu mbele yako kinachokugutusha, lazima wewe mwenyewe uchungulie saa. Uzeeni aina hii ya pili ndiyo huyumba zaidi. Mzee wa namna hii anahitaji mlio, basi. Maana ya mlio atajipatia mwenyewe.

Kuna mzee anayesikia mlio lakini hajui unamwitia nini. Huyo ndiye mama wa usiku ule. Kumwongezea kengele ni kumwongezea kelele. Anachohitaji ni maneno.

Halafu kuna mzee ambaye anafanya jambo, kisha anasahau kwamba amelifanya, analirudia. Huyu ndiye anayenitisha kuliko wote, kwa sababu kikumbusho kinaweza kumdhuru. Kengele ikiahirishwa na kulia tena baada ya dakika chache, mzee aliyekwisha kumeza anameza tena. Yeye anahitaji ushahidi: kitu cha kumwonyesha kwamba hili limekwisha.

Mtu mmoja anaweza kuanzia kundi la kwanza na kufika la tatu kadiri ugonjwa unavyosonga, kwa hiyo chaguo la leo ulitazame upya kila baada ya miezi michache. Na kama usahaulifu umeanza ghafla, au umezidi ndani ya siku chache, usitafute programu. Mpeleke hospitali kwanza. Maambukizi, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, sonona, hata baadhi ya dawa zenyewe, vyote vinaweza kumsahaulisha mtu, na vingi kati ya hivyo vinatibika.

Je, vikumbusho vinasaidia kweli?

Vinasaidia, na hili halikuanza na simujanja. Huko California, mhandisi Larry Treadgold, ambaye mwanawe aliumia kichwa, alishirikiana na mwanasaikolojia Neil Hersh kubuni NeuroPage, mfumo uliomtumia mtu ujumbe mfupi kwenye peja, kifaa kidogo cha kupokelea ujumbe, iliyofungwa kiunoni: fanya hili sasa. Uingereza, timu ya Barbara Wilson iliupima kwa watu 143 wenye matatizo ya kumbukumbu, wengi wao walioumia ubongo, na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Zaidi ya asilimia 80 ya waliomaliza jaribio la wiki 16 walitimiza shughuli zao za kila siku vizuri zaidi wakiwa na peja kuliko bila peja. Angalia kilichokuwemo: mlio mmoja, pamoja na maneno. Peja haikuwa na kingine.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, wakiongozwa na Michael Scullin, walitoa matokeo ya jaribio la simujanja kwa wazee 52 wenye usahaulifu mwepesi, au wenye hatua za mwanzo za demensia, ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na kufikiri. Kwa wiki 4 kundi moja lilitumia programu ya vikumbusho, jingine likatumia programu ya kurekodi sauti, ambamo mzee alisema mwenyewe anachokusudia kufanya na kukisikiliza baadaye. Ungetarajia la kwanza lilipite la pili mbali. Kwa jumla hayakuachana, na waliotumia chombo chao mara nyingi zaidi ndio waliokumbuka zaidi. Wazee hao, wastani wa umri ukiwa miaka sabini na kitu, walifundishwa kwa utulivu kabla ya kuachiwa simu. Usimsikilize anayesema mzee mwenye shida ya kumbukumbu hawezi kujifunza simu.

Kengele ya simu na kalenda

Watu huvichanganya viwili hivi kwa sababu vyote vinalia. Tofauti yake ni kubwa.

Kengele ya programu ya saa haihitaji intaneti wala akaunti. Inalia mfululizo kwa dakika kadhaa, au mpaka mtu aizime. Kwenye iPhone inalia hata simu ikiwa imewekwa kimya. Kwenye Android ina kiwango chake cha sauti, tofauti na cha simu inayoingia, na hapa wengi hukosea: wanaongeza sauti ya kupigiwa, wanaacha ya kengele iko chini, kisha wanasema mzee hasikii. Unaweza kuipa jina, kuichagulia siku na kuipa mlio wake peke yake. Upungufu wake ni kwamba jina hilo huonekana kwa herufi ndogo, na haiweki kumbukumbu ya chochote. Ikizimwa imezimwa, iwe dawa imemezwa au la.

Arifa ya kalenda kwa kawaida ni mlio mfupi wa mara moja. Mzee akiwa jikoni, imepita. Faida yake iko kwingine: kalenda inaweza kushirikiwa. Mtoto aliye mbali anaandika miadi ya kliniki kwenye simu yake, na inaonekana kwenye simu ya mzazi. Tena inashika tarehe, kitu ambacho si kila kengele inakijua.

Kwa hiyo jambo la kila siku lipewe kengele, na jambo la tarehe maalumu lipewe kalenda. Kwa miadi muhimu, mimi huweka kalenda kwa ajili ya ndugu zangu na kengele kwa ajili ya mama. Kalenda ni chombo cha familia kupanga. Sijaona mzee wa kundi la pili aliyeokolewa na arifa yake.

Zaidi ya kengele nne au tano kwa siku, zote zinageuka kelele za nyumba kama mlio wa friji. Chagua mambo ambayo yakisahaulika yanaumiza, mengine yaache. Kikumbusho cha kunywa maji kila saa ni njia ya haraka ya kumfanya mzee achukie kikumbusho cha dawa.

Programu za dawa

Programu ya Medisafe ilianzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili baada ya baba yao, mgonjwa wa kisukari, kujidunga insulini mara mbili kwa kusahau kwamba alishajidunga. Imezaliwa kutoka kwenye kundi la tatu, na unaona hivyo katika inavyofanya kazi. Inamwonyesha mzee dawa ipi, inamtaka athibitishe kwamba amemeza, na asipothibitisha inaweza kumjulisha ndugu aliyechaguliwa. iPhone nazo, tangu mwaka 2022, zina sehemu ya dawa ndani ya programu yake ya afya, inayokumbusha na kuweka kumbukumbu.

Ukilinganisha na kengele, hapa umepata maneno na umepata rekodi. Ndiyo sababu wengi huanzia hapa, na ndiyo sababu wengi huvunjika moyo baada ya mwezi. Programu inataka mengi kwa mzee: afungue, asome, achague kati ya kumeza, kuruka na kuahirisha. Vidole vya uzeeni vikikauka, skrini haivitambui vizuri, na mzee anabonyeza mara tatu mpaka anakata tamaa. Maandishi mengi ya programu hizi ni ya lugha ya kigeni. Na kubonyeza kwamba umemeza si kumeza. Mama aliwahi kubonyeza kwa siku kadhaa ili tu simu inyamaze, na mimi huku nilipo nikawa naona alama za kijani, nikaridhika.

Kuna na la kiufundi. Tangu Android 13, programu mpya lazima ipewe ruhusa ndipo itoe arifa, na ukikosea kubonyeza siku ya kwanza haitalia mpaka uiwashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Simu nyingi pia huzilaza programu zisizofunguliwa mara kwa mara ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio, itoe programu ya dawa kwenye udhibiti huo wa betri, kisha ijaribu kwa siku mbili ukiwa hapo hapo.

Maoni yangu: programu ya dawa ina thamani pale tu ambapo kuna mtu wa pili atakayepokea taarifa na kuchukua hatua. Kama hayupo, kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba kinaishinda. Chumba cha Jumatano kikiwa kitupu, dawa ya Jumatano imeshatoka, na mzee anaona kwa macho yake bila kubonyeza kitu. Kwa mzee wa kundi la tatu sijaona kikumbusho cha simu, hata kimoja, ninachoweza kukitegemea bila kisanduku hicho pembeni. Simu ilie, kisanduku kishuhudie.

Sauti unayoijua

Hapa ndipo penye utajiri ambao watu huupita.

Kwenye simu nyingi za Android, programu ya saa inakuruhusu kuchagua faili la sauti lililomo ndani ya simu liwe mlio wa kengele. Maana yake unaweza kurekodi maneno yako, na saa ikifika, badala ya tingi-tingi, mzee anasikia: “Mama, ni mimi. Saa ya dawa ya usiku imefika. Kisanduku kiko mezani, karibu na birika. Fungua chumba cha leo, umeze sasa.” Kwenye iPhone inawezekana pia, ingawa hatua ni nyingi zaidi. Haihitaji intaneti, haihitaji kusoma, na iko katika lugha anayoiota usiku.

Ukilinganisha na njia zote zilizotangulia, hii ndiyo inayoziba pengo la kundi la pili. Mlio na maana vinafika pamoja. Lakini kurekodi kuna ufundi wake. Anza kwa kumwita jina analoitikia, kwa sababu sekunde za kwanza hupotea akiwa anatafuta sauti inatoka wapi. Sema jambo moja tu. Taja mahali kitu kilipo. Sema afanye, usiseme “usisahau,” maana neno hilo halimwambii la kufanya na linamkumbusha udhaifu wake kila siku. Zungumza polepole, kwa sauti nzito kidogo: usikivu wa uzeeni hupoteza kwanza sauti kali nyembamba, na ndiyo maana milio ya kulialia kama ndege huwapita wazee wengi. Usirekodi ukiwa na hasira au haraka. Sauti hiyo ataisikia kila siku.

Tahadhari moja. Baadhi ya wazee, ugonjwa ukishasonga, wakisikia sauti ya mtoto wao huinuka kumtafuta ndani ya nyumba. Ukiona hivyo, acha njia hii bila kubishana naye. Kwa wengine inatosha kubadili msemaji.

Msaidizi wa sauti, yule unayemwamrisha simu ikafanya, ni jambo jingine kabisa. Kwa mtu anayezungumza lugha inayoeleweka na simu, ni wepesi mkubwa: anasema mwenyewe anachotaka kukumbushwa, kabla hakijamtoka. Lakini Siri, yule msaidizi wa iPhone, haijui Kiswahili, na mzee analazimika kukumbuka maneno ya kuiamsha. Kumpa mtu anayesahau chombo kinachoanza kwa kukumbuka, tena kwa lugha isiyo yake, naona ni kumwonea. Mwenye Kiingereza kizuri na usahaulifu mwepesi ajaribu. Wengine waende kwenye sauti iliyorekodiwa.

Kupiga simu wewe mwenyewe

Hatuihesabu kama njia kwa sababu ni ya zamani, lakini ukiiweka kwenye mizani moja na nyingine inazipita zote kwa kitu kimoja: inasubiri. Unapiga, unamsalimu, unamwomba achukue kidonge, unasikia maji yakimiminwa, unasikia akimeza. Kengele haiwezi kusikia hayo. Mlio umo, maneno yamo, ushahidi umo. Na mzee aliyekuwa peke yake tangu asubuhi amezungumza na mtu.

Gharama yake iko upande wako. Siku moja uko kwenye mkutano, siku nyingine mtandao haushiki. Mkipokezana ndugu watatu, kila mmoja hudhani mwenzake amepiga. Kwa hiyo njia hii inafaa kwa jambo moja kwa siku, lile zito kuliko yote, na iandikwe ni zamu ya nani. Ujumbe mfupi wa maandishi uliopangwa kujituma wenyewe haufai kuwa mbadala wake. Ujumbe husomwa mtu anapoushika, na aliyesahau dawa amesahau na simu.

Yanayoharibu kila njia

Simu iliyozimika haikumbushi chochote. Chaji ipate mahali pake pa kudumu, panapoonekana, na iunganishwe na tukio: akienda kulala, simu inakaa pale. Mahali hapo pawe karibu na dawa, ili mlio umpeleke penye kidonge badala ya kumtoa.

Saa nayo inatuchanganya sisi wenye Kiswahili zaidi ya wengine. Skrini inaandika 8:00, mzee anasema saa mbili. Kwenye jina la kengele andika kwa maneno, “dawa ya usiku, saa mbili,” na uhakikishe hukuweka ya asubuhi. Nimeshuhudia kengele ya dawa ikitangulia wakati wake kwa saa sita, kwa sababu saa mbili iliandikwa 2:00 badala ya 8:00.

Kisha panga mlio uangukie wakati ambapo jambo linaweza kufanyika papo hapo. Dawa ya kumezwa na chakula isilie nusu saa kabla ya kula. Nusu saa kwa mtu anayesahau ni siku nzima. Ondoa pia uwezo wa kuahirisha kengele, kama simu yako inaruhusu.

Na mshirikishe. Simu ni yake. Mwulize mlio gani anaupenda, maneno gani yanamkera, nani apewe taarifa akikosa dawa. Mfundishe kitendo kimoja, mwache akifanye, mwulize tena baada ya dakika moja, kisha mbili, kisha tano, ukiongeza nafasi kila anapopatia. Njia hiyo ya kurudia kwa kuachanisha muda hutumiwa na wataalamu kufundisha watu wenye demensia, na haimwaibishi mtu kwa kumwuliza asichokijua.

Kwa hiyo uchague nini?

Kama mzee wako anakosa wakati tu, kengele ya kawaida yenye jina inatosha, na kalenda ya pamoja kwa miadi. Usimbebeshe zaidi. Kama anasikia mlio bila kujua maana, rekodi sauti. Kama anarudia dawa, anza na kisanduku cha vyumba, ongeza sauti, na mtu wa kuthibitisha, awe wa kwenye simu au wa nyumbani. Programu ya dawa iingie hapo kama anaiweza na wewe unaifuatilia.

Kuna mambo ambayo hayafai kuachiwa simu kwa mzee wa kundi la tatu, hata iwe janja namna gani. Insulini ni mojawapo, na dawa za kuzuia damu kuganda ni nyingine, kwa sababu kipimo kimoja cha ziada kinaweza kumfikisha pabaya. Jiko la gesi pia. Hayo yanataka mkono wa mtu, au dawa zikae zimefungwa na zitolewe na anayezisimamia. Mwulize daktari kama vipimo vya siku vinaweza kupunguzwa viwe mara moja. Kikumbusho kimoja kinachofanya kazi kina nafuu kuliko vinne vinavyopigana.

Kwa mama sasa kengele ni mbili tu, ya asubuhi ina sauti yangu, ya usiku ina sauti ya dada yangu, na simu inalala kando ya kisanduku. Kaka yetu humpigia baada ya chakula cha usiku. Kila Jumapili ninapojaza kisanduku ninahesabu vyumba vya wiki iliyopita ambavyo havikufunguliwa. Kikiwa kimoja, ninarekodi maneno upya. Vikiwa viwili, wiki inayofuata tunapiga simu asubuhi na usiku.